Kila Mtu Aje na Bati Lake

Saa mbili na dakika nne asubuhi, siku ya Alhamisi, paa la nyumba ya Eulalie Pitre lilikuwa jipya, limenyooka na linang'aa, na hilo ndilo lililokuwa tatizo.

"Nimeuliza," alisema Bi Stroud kwa mara ya pili, "paa la zamani liko wapi?"

Aliyelikosa gazeti la wiki jana atuazime dakika moja. Kimbunga cha Agosti kilibomoa paa la Eulalie hapa Bayou Cerise, kusini kabisa mwa Louisiana, mahali ambapo barabara inaishia majini. Mtu wa kampuni ya bima alifika baada ya siku kumi na moja, akakuta nyumba ina paa, akaandika "hakuna hasara inayoonekana", akageuza gari. Ndipo Eulalie alipoajiri mtathmini wake mwenyewe, anayemfanyia kazi mwenye nyumba na si kampuni: Bi Doreen Stroud kutoka kaskazini mwa jimbo, mwanamke mrefu, mkavu, mwenye futi ya chuma kiunoni na saa ya kupimia mbio shingoni. Bi Stroud aliibana kampuni mpaka ikakubali kurudi mara ya pili na ya mwisho. Leo, saa nane mchana, ionyeshwe hasara. Ikikosekana, faili linafungwa.

Na faili likifungwa? Chini ya mabati yale yanayong'aa kuna vyumba vitatu visivyo na dari. Kenchi tano zimevunjika na zimefungwa kwa kamba za mashua, na bila paa la zamani kampuni ingesema ni uzee tu. Eulalie, mwenye miaka sitini na sita, dereva mstaafu wa basi la shule, angelazimika kuuza kiwanja kwa watu wa mjini wanaotafuta pa kuvulia samaki wikendi, kisha ahamie Baton Rouge kwa dada yake Hazel, ambaye huchemsha kila kitu. Hata soseji.

"Paa la zamani," alisema Eulalie, "nimeligawa."

"Kwa nani?"

"Kwa watu."

"Watu gani?"

Eulalie alinyoosha mkono kuelekea juu ya hori, ile njia ya maji inayopita kando ya nyumba, halafu akaugeuza kuelekea chini ya hori. "Hao."

Bi Stroud alitazama upande wa kwanza, akatazama wa pili. Nyumba zilikuwa kama arobaini, zote juu ya nguzo, zote kimya.

"Eleza. Polepole. Hapana, haraka."

Maelezo yalikuwa haya. Kimbunga kilipita Jumapili. Jumanne watu wa Bayou Cerise walikuja na nyundo bila kuitwa, kama walivyokuja kwa mama yake Eulalie na kwa bibi yake. Waling'oa mabati yaliyopasuka, wakaezeka mengine mapya waliyochangishana huku na kule, na kufikia Jumatano jioni mvua haikuwa ikiingia tena. Fundi wa namna hiyo halipwi. Ukimtolea pesa umemtukana. Lakini haondoki mikono mitupu. Mwenye nyumba lazima ampe kitu.

"Na mimi sikuwa na kitu," alisema Eulalie. "Friji ilikuwa mtoni. Nilikuwa na mabati yaliyong'olewa tu."

"Ukawapa ushahidi wako."

"Niliwapa asante, dada. Neno ushahidi sikulijua mpaka ulipokuja wewe."

"Kuna picha? Watu arobaini wenye simu, siku mbili nzima. Lazima kuna picha."

"Picha ziko nyingi sana!" Eulalie alifurahi kuwa na jibu zuri hatimaye. Akatoa simu, akampa.

Bi Stroud alitazama picha sitini na tatu. Zote zilikuwa za sufuria.

Akairudisha simu, akabonyeza saa yake. Mkataba wao ulikuwa wa saa sita za kazi, kwa sababu katika Louisiana mtathmini wa mwenye nyumba halipwi fungu la fidia. Hulipwa muda wake. Saa sita ndizo Eulalie alizoweza. Na kutoka saa mbili hadi saa nane ni saa sita.

"Tunakwenda kuyarudisha," alisema Bi Stroud.

Eulalie alibaki amesimama.

"Nini tena?"

"Bayou Cerise mtu hajawahi kudai zawadi irudi. Hajawahi, Bi Stroud. Kuna mtu alidai ngazi mwaka wa sabini na tisa, mpaka leo wajukuu zake wanaitwa Ngazi."

"Ingia kwenye gari."

* * *

Saa mbili na dakika thelathini na moja walikuwa kwa Clovis Pitre, kaka wa marehemu Ovide, mume wa Eulalie aliyefariki miaka minne iliyopita. Mabati manane yalionekana kutokea barabarani. Yalikuwa ya kijani, kijani kile kile ambacho Ovide alilipaka paa akitumia rangi iliyobaki ya mashua yake, na sasa yalikuwa kuta na paa la banda la kuku.

"Karibuni, karibuni! Shemeji! Kaeni, kahawa ipo!" Clovis alikuwa na miaka sabini na tumbo la mtu asiye na haraka. Alimkagua Bi Stroud toka juu hadi chini. "Ndiye huyo mtathmini? Mbona mkavu hivi? Kaskazini hawali?"

"Tunakula, bwana. Ila tunamaliza."

Clovis alicheka mpaka akashika nguzo. "Huyu nimempenda! Mpe kiti!"

Bi Stroud alibonyeza saa ikasimama. "Kahawa haimo kwenye mkataba," alimwambia Eulalie, akakaa.

Walikunywa kikombe cha kwanza. Wakazungumzia goti la Clovis. Walikunywa cha pili. Wakazungumzia goti la pili. Kila Eulalie alipofungua mdomo kusema neno "bati", mdomo ulisema kitu kingine: mvua, uvuvi wa kamba, bei ya dizeli. Bi Stroud alimkanyaga mguu chini ya meza. Eulalie akasifia kuku.

"Unawaona, eh?" Clovis alisimama kwa fahari. "Tangu walale chini ya bati la ndugu yangu wanataga mawili kwa siku."

"Kuku hatagi mawili kwa siku," alisema Bi Stroud.

"Wa kwenu."

Saa tatu na robo. Bi Stroud aliweka kikombe chini kama hakimu.

"Bwana Pitre, tumekuja kuchukua mabati."

Kuku mmoja alijikwaa. Clovis alimgeukia shemeji yake taratibu, na uso ambao Eulalie alikuwa ameujua ukicheka kwa miaka arobaini haukucheka.

"Lalie. Ulinipa kwa mkono wako."

"Nilikupa."

"Sasa unayataka."

Eulalie aliona Baton Rouge mbele yake. Aliona soseji iliyochemshwa. Na kutoka mahali fulani ambapo miaka thelathini ya kubembeleza watoto wa basi ilikuwa imehifadhiwa, jibu likatoka lenyewe.

"Nani kasema nayataka? Nimekuja kuyaalika."

Clovis alipepesa macho. "Unayaalika mabati?"

"Chakula cha mchana. Kwangu. Saa sita kamili. Yalikaa juu ya kichwa changu miaka ishirini na sita na sijawahi kuyapa hata sahani moja. Yaje, yakae uani, yatazamwe na mgeni mmoja anayekuja saa nane, halafu kila mtu aondoke na bati lake. Lako ni lako."

Clovis alifikiri. Bi Stroud, ambaye kwa kazi yake alikuwa amesikia uongo wa kila aina, alimtazama Eulalie kwa mara ya kwanza kama mtu anayeangalia chombo kipya cha kazi.

"Ni jambalaya?" aliuliza Clovis.

"Jambalaya. Wali, soseji, kamba, vyote sufuria moja."

"Basi nitawahamisha kuku," alisema, akaenda kutafuta nyundo.

* * *

Bayou Cerise haina haja ya simu. Ina redio za mashua, na redio ya Clovis ilikuwa hatua ishirini kutoka kwenye kahawa. Saa tatu na dakika ishirini na mbili Eulalie alishika kipaza sauti na kutumia ile sauti yake ya kufikia kiti cha nyuma cha basi.

"Hapa ni Lalie Pitre. Jambalaya, kwangu, saa sita. Kila mtu aje na bati lake. Narudia: aje na bati lake."

Redio ilikwaruza. Kisha ikafurika.

"Shangazi Lalie, bati gani?"

"Nililokupa Jumatano ile."

"Limefanya nini?"

"Limealikwa."

"Mimi langu ni kibanda cha kuvizia bata, Shangazi. Liko katikati ya matete."

"Ling'oe. Bata hawaji kabla ya Novemba."

"Nije na mke au nije na bati tu?"

"Wote wawili. Bati lisibanwe, mke akae mbele."

Bi Stroud alikuwa akiandika kwenye daftari lake. Ghafla aliliinamia. Eulalie alidhani anakasirika. Alipochungulia aliona mwanamke yule anauma midomo asicheke.

Saa tano na nusu walianza kufika. Pikapu ya kwanza ilikuwa na mabati matatu na nyanya wawili wamekaa juu yake. Ya pili ilileta bati moja na watu tisa. Kwenye hori mashua zilikuja zimebeba mabati yamesimama wima kama matanga ya kijani. Wilda Guidry, mwenyekiti wa kamati ya maonyesho ya kanisa, alishusha mabati sita yaliyokuwa kibanda cha maonyesho, na juu ya mojawapo palikuwa na maandishi mekundu ya ukubwa wa mkono: KAMBA WA KUKAANGA.

"Sikuwa na muda wa kufuta," alisema Wilda. "Na sina nia."

"Acha hivyo hivyo, mama," alisema Bi Stroud. "Mbele kuna maandishi. Nyuma kuna matundu. Mimi nataka matundu."

Uani palijaa. Sufuria la chuma lilikuwa linatoa moshi, kitunguu na soseji vilikuwa vikinukia mpaka ng'ambo ya maji, na mtu alikuwa ameleta kinanda cha mkono. Bi Stroud alipita akihesabu kwa chaki. Eulalie alimfuata akipiga makofi.

Bi Stroud alisimama ghafla.

"Paa lako lilikuwa na mabati mangapi?"

"Thelathini na manne. Ovide aliyahesabu mbele yangu."

"Hapa kuna hamsini na moja."

Makofi yalikoma.

"Labda yamezaana," alisema mtu kutoka kwenye foleni ya sahani.

Ukweli ulipatikana kwa nusu dakika ya kuulizana. Waliokuwa na bati la Eulalie walilileta. Ambao hawakupewa, au hawakuwepo, waliona aibu kuja bila kitu. Wakaleta lao. Kutoka stoo. Kutoka kwenye zizi. Mmoja alikuwa ameng'oa la choo.

"Tulitaka kusaidia, Shangazi."

Bi Stroud aliongea kwa sauti ya chini, na kwa hiyo kila mtu alimsikia. "Sikilizeni. Bati moja la uongo likihesabiwa hapa kama la kweli, huo ni ulaghai wa bima. Dai lote linakufa, leseni yangu inakufa, na Bi Pitre anakwenda kueleza mahakamani. Mnaelewa? Moja tu."

Kinanda kilinyamaza.

"Basi si rahisi?" alisema Wilda. "La Ovide lilikuwa kijani. Toeni yasiyo ya kijani."

Waliyatoa. Yalikuwa kumi na moja. Yakabaki arobaini.

"Bado yamezidi sita," alisema Bi Stroud. Akapitisha kidole juu ya bati la karibu. Kidole kilirudi kijani. Rangi ilikuwa mbichi.

Watu wote wa uani wakatazama mikono yao. Kisha wakatazama ya Clovis, aliyeificha mgongoni.

"Shemeji," alisema Eulalie. "Mikono yako ina nini?"

"Bustani."

"Clovis!"

"Nilikuwa na kopo la Ovide bado! Nikaona haya ya jirani yamepauka, yatakuaibisha mbele ya wageni!"

"Mangapi?"

"Tisa." Alifikiri. "Au kumi na mawili. Mengine yalikuwa yako nikayaongeza rangi, yapendeze."

Ilikuwa saa sita na dakika thelathini na tatu. Hapo Eulalie, aliyekuwa amejizuia tangu asubuhi, alifanya kitu ambacho mtu mwenye shida yake hakutegemewa kufanya. Aliangua kicheko. Alicheka mpaka akakaa juu ya KAMBA WA KUKAANGA. Kicheko kikamruka kikampata Wilda, kikaenda kwenye foleni, kikafika kwenye mashua.

Bi Stroud peke yake hakucheka. Alikuwa ameinama juu ya mabati mawili yaliyolala pamoja, anatazama matundu ya misumari.

"Nani alijenga nyumba hii?"

"Babu yangu," alisema Eulalie akifuta machozi. "Kwa mbao za jahazi la mizigo lililokwama."

"Alipima kwa kifaa gani?"

"Kwa kipande cha kasia. Futi hakuwa nayo."

Bi Stroud alikwishapanda ngazi ya darini.

Alikaa huko dakika nne. Alipochungulia tena alikuwa na utando wa buibui kwenye nyusi na, kwa mara ya kwanza tangu tumjue, meno yake yalionekana.

"Papi!" alipaza sauti. Papi ni zile mbao za kulala ambazo bati hupigiliwa juu yake. "Kila nyumba hapa jirani ina papi kila baada ya inchi ishirini na nne. Ya babu yako ni kila baada ya kumi na tisa! Paa zima! Bati lililokaa juu ya nyumba hii lina matundu ya misumari inchi kumi na tisa, na hakuna bati jingine duniani lenye sababu ya kuwa hivyo. Nani ana futi?"

Futi zilitoka mifukoni mwa watu kama bastola.

Eulalie alishika usukani. Hakukuwa na mtu pale mwenye umri chini ya miaka hamsini ambaye hakuwahi kupangwa na mwanamke huyu kwenye viti. "Ya kweli kushoto! Ya uongo kulia! Hakuna kusukumana! Wilda, pima!"

"Ishirini na nne!"

"Kulia!" uwanja uliitikia.

"Kumi na tisa!"

"Kushoto!" na kelele kama mpira umeingia golini.

"Ishirini na nne! Hili ni la nani?"

"La choo changu," alisema mtu kwa unyonge, akazomewa kwa upendo.

Wenye mabati ya kweli walianza kuwatambia wenye ya uongo. Clovis alishangilia moja na kulilia jingine. Kinanda kilirudi na wimbo wa haraka. Bi Stroud alikimbia na chaki, akiandika namba, akipanga mabati kwenye nyasi kwa mpangilio ule ule waliokuwa nao juu ya nyumba, upande wa kusini kwanza, mpaka paa la Ovide likaanza kuonekana limelala uani, kijani, limetoboka, kama limeshuka kupumzika.

Saa saba na dakika ishirini walikuwa wamefika bati la ishirini na tisa. Gari jeupe liliingia uani.

"Ni mapema!" alinong'ona Eulalie. "Kasema saa nane!"

Alishuka Bwana Pruett wa kampuni ya bima, kijana wa miaka thelathini na kitu, shati limepigwa pasi, kibao cha kuandikia kifuani. Alitazama watu mia moja, sufuria, kinanda, mabati, na ajuza aliyekuwa akipima tundu kwa miwani miwili.

"Nimekosea nyumba?" aliuliza.

"Hujakosea, mwanangu, njoo ule," alisema Wilda, na sahani ilikuwa tayari kidevuni pake.

"Asante, mama, kanuni za kampuni haziruhusu kupokea chakula kwa mteja."

"Mimi si mteja. Mimi ni kamati."

"Haziruhusu hata hivyo."

"Zinaruhusu kunusa?" aliuliza Eulalie.

Pruett alifikiri. Alikuwa mtu wa kanuni na swali lilikuwa la kanuni. "Hazijasema."

"Basi kaa hapa, upande upepo unakoelekea. Ukaguzi ni saa nane kwa barua yako mwenyewe."

Alikaa. Alinusa dakika arobaini. Wanaomfahamu Bwana Pruett wanasema hajawahi kuteseka vile.

Saa nane kamili Bi Stroud alimwita. Kwenye nyasi yalilala mabati thelathini na moja yenye namba. Kwa mbali, upande wa kulia, yalirundikwa ishirini yaliyokataliwa, na bango la chaki: SI YA NYUMBA HII.

"Yanahitajika thelathini na manne," alisema Pruett baada ya kuhesabu mara mbili.

"Matatu yalikwenda na upepo," alisema Bi Stroud. "Hayo sidhani kama utasema yalikuwa mazima."

Pruett aliandika. Alipiga magoti penye bati la kwanza. "Hii ni kutu. Bima haifidii kutu."

"Kutu iko pembeni. Tazama tundu. Nyundo iking'oa msumari huacha tundu la mviringo na alama ya makucha kando yake. Upepo ukivuta bati, tundu hurefuka kuelekea juu na chuma hupasuka. Hesabu marefu, hesabu ya mviringo."

Akahesabu. Ilimchukua dakika kumi na mbili na watu mia moja walihesabu pamoja naye kwa midomo bila sauti. Matundu marefu yalikuwa mia mbili na kumi na moja. Ya mviringo yalikuwa arobaini.

"Nitajuaje kwamba mabati haya yalikuwa juu ya nyumba hii?"

"Inchi kumi na tisa!" walijibu watu mia moja.

Pruett alichukua futi yake mwenyewe, hakukubali ya mtu. Alipima bati la tano, la kumi na nane, la ishirini na sita. Akapanda darini peke yake. Eulalie alisimama chini ya ngazi, akishika mkono wa Bi Stroud bila kujua ameushika lini. Bi Stroud hakuutoa.

Pruett alishuka na utando wa buibui kwenye nyusi.

"Kenchi tano zimevunjika," alisema. "Papi ni inchi kumi na tisa." Akaandika. Akasoma kwa sauti alichoandika, kama kanuni zilivyotaka: "Mabati thelathini na moja yamethibitishwa kuwa ya nyumba hii. Yamepasuliwa na upepo. Namba kumi na mbili limeandikwa 'kamba wa kukaanga'. Maandishi hayahusiani na kimbunga. Hasara imekubaliwa."

Saa nane na dakika thelathini na nane alitia sahihi.

Kelele zilizopigwa zilirusha ndege kutoka kwenye matete yote ya Bayou Cerise. Clovis alimbusu Bi Stroud kwenye paji la uso na kumwachia alama ya kijani. Kofia ziliruka. Eulalie alizunguka mara tatu mahali pamoja, mikono hewani, akiimba jina la Hazel na kumwambia achemshe peke yake.

"Kuna jambo moja," alisema Bwana Pruett.

Hakuna aliyemsikia. Akalisema tena. Akagonga kibao.

"Hasara imekubaliwa. Ila siwezi kupeleka malipo kupitia kwa Bi Stroud. Nyumba hii ina mtathmini mwingine kwenye faili, aliyeajiriwa kabla yake. Nilidhani mnajua."

"Mwingine gani?" Bi Stroud alifuta kijani usoni. "Nionyeshe mkataba."

Alimwonyesha. Ulikuwa wa kurasa mbili, wa kawaida, umetiwa sahihi siku ishirini na tatu zilizopita. Eulalie aliusoma juu ya bega lake. Alifika chini. Akarudia.

"Bwana Pruett," alisema, "hii sahihi ni ya nani?"

"Ya mwenye nyumba mwenza. Bima ina majina mawili. Ovide Pitre."

Ilichukua sekunde moja. Kisha uwanja mzima ukalipuka upya kwa kicheko.

"Amerudi!" alipiga kelele mtu. "Muulizeni drili yangu ameiweka wapi!"

"Mwambie ana zamu ya kufagia kanisa, miaka minne!"

"Ovide alikufa, mwanangu," Eulalie alimwambia Pruett, naye akicheka. "Tulimzika Machi, kuna miaka minne. Nusu ya hawa walibeba jeneza."

Pruett hakucheka. Bi Stroud hakucheka. Kidole chake kilikuwa kwenye mstari wa mwisho wa mkataba, mahali pa simu ya mteja. Palikuwa na namba, imeandikwa vizuri, kwa kalamu ya buluu.

"Unaijua namba hii?" alimwuliza Eulalie.

"Siijui."

Bi Stroud alitoa simu yake. Alibonyeza tarakimu moja moja, akiisoma kila moja kwenye karatasi, na akaweka simu sikioni.

Saa nane na dakika hamsini na moja simu ililia uani, mahali fulani kati ya sufuria na foleni ya sahani. Ililia mara sita. Watu mia moja walitazamana, na hakuna hata mmoja aliyepeleka mkono mfukoni.